Shamba Lililoliwa na Marehemu

Nilipokuwa na miaka kumi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba marehemu Kasongo alikula shamba letu la mihogo. Si kwamba aliliiba akiwa hai, wala kwamba mbuzi wake waliingia humo. Hakuwa na mbuzi hata mmoja. Alilila akiwa maiti, amelala kaburini kwa heshima zote, na bado akamaliza mistari kumi na miwili, mzizi kwa mzizi, bila chumvi. Niliamini habari hiyo kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha. Padri angesimama Jumapili akasema si kweli, ningemhurumia padri. Na kila uvumi ule unaponirudia, huja na harufu yake: harufu ya majani ya muhogo yaliyotoka kutwangwa, kijani kibichi kinachouma kidogo puani, kama nyasi zilizolowa zikachanganywa na harufu ya waya wa shaba ulioshikwa mkononi muda mrefu. Hiyo ndiyo sombe. Kwetu Kolwezi mtu anaweza kukosa nyama mwaka mzima na akiulizwa hali akajibu ni nzima. Akikosa sombe siku tatu, majirani huanza kuulizana ameshikwa na ugonjwa gani.

Tulikaa Musonoi, kati ya mashimo makubwa ya machimbo na barabara ya malori. Vumbi la pale lilikuwa zito hivi kwamba kuku wetu mweupe alikufa akiwa mwekundu, na waliomla walibishana alikuwa wa nani. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na mteremko, na kwenye mteremko huo Mama alikuwa na shamba. Hakuwa na karatasi ya shamba, alikuwa na jembe tu, na kwa wakati ule jembe lilitosha. Baba alikuwa utingo wa malori yaliyokwenda mpakani; alionekana nyumbani kama kupatwa kwa jua, watu wakatoka nje kumtazama, kisha akapotea tena. Kwa hiyo shamba lile ndilo lililokuwa baba na ghala kwa pamoja. Juu lilikuwa mboga, chini lilikuwa unga. Majani yalitulisha siku kwa siku, na mizizi ilisubiri kiangazi, miezi ile ya baridi ambapo asubuhi unatoa moshi mdomoni kama lori bovu, ndipo ichimbwe, ilowekwe, ianikwe na kutwangwa, itupe bukari, ugali wetu, mpaka mvua nyingine. Mihogo ikiwa minene, tunakula mpaka mvua. Ikiwa myembamba, hatuli. Hakukuwa na jambo la tatu.

Mama alichuma sombe kwa sheria. Aliingia shambani polepole, kitenge amekikaza kiunoni, akachukua majani mawili kwenye mti huu, matatu kwenye ule, akapita. Ncha ya mti, yale majani madogo yaliyokunjana kama ngumi ya mtoto mchanga, hakuigusa kamwe. Wala hakurudi kwenye mstari uleule kabla hajamaliza mingine yote. Alichuma kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: unaomba kidogo, maana hata kesho jirani ni yuleyule. Nikinyoosha mkono kwenye ncha, nilichapwa kofi dogo kwenye vidole. "Kichwa muache," alisema. "Weye nikikukata kichwa, utakula nini?" Basi, somo lilikwisha hapo. Mama hakuwa mtu wa maelezo. Alipanda maneno kwa nafasi kama alivyopanda mihogo.

Mwalimu wangu wa pili, kwa bahati mbaya, alikuwa na maelezo mengi. Huyo ndiye Kasongo, kijana wa miaka kama ishirini, mzaliwa wa kwanza wa jirani yetu, na kwa sababu yake jirani huyo aliitwa Mama Kasongo na mtaa mzima. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani, na alicheka kwa sauti iliyowafanya mbwa wa mtaa wa pili wabweke. Siku moja katikati ya msimu wa mvua alinikuta shambani nikichuma kwa sheria ya Mama, mawili huku, matatu kule, akasimama akanisikitikia.

"Ee, muzee! Unaogopa muti?"

"Mama alikataza."

"Muhogo iko na haya kama bibi ya pasta," alisema Kasongo. "Uitoshe nguo yote, uivue kabisa, itaona haya, itavaa ingine mbio mbio. Kuya, nikuonyeshe."

Tukauchagua mti mmoja uliojificha nyuma ya kichuguu, tukauvua wote, hata ncha. Ukabaki fimbo. Usiku mvua ilinyesha, na usiku uliofuata, na uliofuata. Kesho yake mti ulikuwa umevaa tena. Nasema kesho yake. Mtu mwenye kalenda angesema baada ya wiki mbili tatu, lakini mimi sikuwa na kalenda, nilikuwa na furaha. Majani mapya yalitoka kila mahali, laini, yenye kung'aa, mengi kuliko yale tuliyoyachuma. Kasongo aliuzunguka mti akiwa ameweka mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. "Nilikuambia nini? Kuanzia leo unaniita profesa." Nikamwita profesa. Tangu siku hiyo, kila nilipomwona Mama akichuma majani mawili mawili, nilimcheka kimoyomoyo. Niliona hajui mali aliyo nayo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwaka uliofuata mawingu yalikuwa matapeli. Mvua ilikuja kwa wakati wake, ikatupandisha mbegu, ikatuchezesha, kisha baada ya Mwaka Mpya ikaondoka bila kuaga. Wiki ya kwanza watu walisema inapumzika. Ya tatu wakaacha kusema. Mahindi yalijikunja kama sigara. Bombani foleni ilianza kabla ya jogoo, na ndoo zilipangwa umbali ambao, naapa, ya mwisho ilikuwa karibu na mji wa Fungurume. Mihogo nayo ilibadilika, ingawa muhogo ni mti mvumilivu. Majani ya chini yaligeuka manjano yakadondoka yenyewe, moja moja, bila mtu kuyagusa. Yale ya juu yaliinamisha vidole vyake mchana kutwa kama mikono ya mtu aliyepokea habari mbaya. Mwisho kila mti ulibaki na kofia ndogo tu kileleni, na chini yake ufito mtupu.

Ndipo Mama alipochana kitenge chake cha zamani vipande vyembamba, akafunga kipande kimoja kwenye mti wa kwanza wa kila mstari. Wanawake wote wa Musonoi walijua alama hiyo. Maana yake: shamba limefungwa, halichumwi, halichumwi na mwenyewe, halichumwi na mgeni, hata mwizi mwenye malezi hupita. Mpaka mvua irudi. Tukaanza kula bukari na samaki wadogo wakavu waliokuwa na macho mengi kuliko nyama, na mimi nikalalamika kama mbunge. "Mama, majani iko pale, inakauka bure!"

"Haiko bure," alisema. "Iache."

Katikati ya kiangazi kile cha uongo ikaja habari kwamba dada yake Mama, kule Fungurume, amejifungua na hawezi kusimama. Mama akafunga mzigo asubuhi hiyohiyo. Alinipeleka kwa Mama Kasongo, ua kwa ua, akanisimamisha mbele yake kama askari. "Utakula hapa, utalala hapa, na utanichungia shamba. Unajua iko nini mule chini?"

"Bukari yetu, mama."

"Bukari yetu. Nikirudi nikute kitambaa pale nilifunga." Akapanda nyuma ya lori la mafuta ya kula, akaenda.

Mama Kasongo alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko alichomrithisha mwanawe. Alinilisha kutoka sahani moja na Kasongo, na Kasongo kila siku aliniachia tonge la mwisho, akisema kwamba profesa hali tonge la mwisho, linaharibu akili. Nilikaa pale siku tisa kama mwana wa mfalme. Siku ya kumi, saa sita mchana, shimo liliporomoka. Wengine walitoka. Yeye alitolewa. Walimleta nyumbani juu ya ubao wa mlango, wanaume wanne, na wa tano akatembea mbele akiwa amebeba viatu vyake vya mpira kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa. Sikumbuki kelele ya mama yake. Nakumbuka kwamba mbwa hawakubweka.

Kwetu kilio hakina mlango. Anayekuja hukaa, anayekaa hula, na kila nyumba huleta ilicho nacho. Mikeka ilitandikwa, mabenchi yakaazimwa kanisani, wachimbaji wenzake wakaja kwa makundi, nguo zao bado zina udongo wa shimo. Unga ulikuja, kidogo kidogo, vikombe kwa vikombe. Lakini mboga haikuja, kwa kuwa mboga haikuwepo Musonoi. Siku ya pili watu waliletewa bukari na maji ya chumvi. Nilikuwa nimekaa karibu na wapishi nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Batu batakula bukari na machozi?" Kilio kisicho na mboga ni aibu ya mfiwa, hata kama kosa ni la mbingu. Mama Kasongo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, hasemi na mtu. Sahani zile zilipopita mbele yake alivuta kitenge akajifunika uso. Nikaona mabega yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mwanafunzi wa profesa. Kulikuwa na mistari kumi na miwili ya mboga umbali wa kutupa jiwe, na miti yenye haya, na elimu aliyoniachia mwenyewe aliyelala mle ndani. Alfajiri nilichukua magunia mawili. Sikuogopa hata kidogo. Nilijiona kama mtu anayebeba dawa. Nilianzia mstari wa kwanza. Mwaka wa mvua, jani la muhogo likivunjwa hutoa maziwa, vidole vinanata mpaka jioni. Mwaka ule kikonyo kilivunjika kikavu, tak, kama njiti ya kiberiti, na maziwa yakatoka tone moja, au hakuna. Niliona. Sikusoma maana yake. Tak, tak, tak, mstari wa pili, wa tano, wa tisa. Nilivua kofia zote, na ncha zote, maana profesa alisema yote. Vitambaa peke yake sikuvigusa. Mama alisema avikute pale alipofunga, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu.

Nilipoingia uani na magunia yale, wapishi walisimama. "Mutoto ya batu!" wakasema. "Mutoto alizaliwa na batu!" Mmoja alinibusu kichwani, mwingine akanifuta vumbi kwa kitenge chake. Vinu vitatu vikaanza kwa pamoja, vikaitikiana, na harufu ile ya kijani ikapanda juu ya ua wa kilio mpaka wanaume waliokaa nje wakageuza shingo. Ilikuwa sombe chache kuliko nilivyodhani, kwa kuwa majani ya kiangazi ni magumu na hayajazi chungu, lakini kila mtu alipata. Mama Kasongo alipopewa sahani yake aliuliza imetoka wapi, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi. Wakamwambia. Akaniita.

"Ulichuma ngapi?"

"Yote, mama. Lakini itarudi. Kasongo alinionyesha."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akavuta kichwa changu akakilaza mapajani pake, mbele ya watu wote, mimi mwanamume wa miaka kumi. Baadaye nikasikia juu yangu kwamba anakula.

Tulipotoka makaburini nilikimbia moja kwa moja shambani kutazama nguo mpya. Nilikuta fito. Kesho yake, fito. Nilizisemesha, nikazikumbusha haya zake, nikaiga hata sauti ya Kasongo. Jua lilikuwa limekaa juu ya mteremko kama sufuria lililofunikwa. Baada ya siku nyingi, nilizohesabu mara mbilimbili kwa uchungu, vikatoka vijani vidogo vya manjano, upana wa ukucha. Nikarukaruka. Vikakauka. Vikatoka vingine, vichache zaidi, na hivyo navyo vikasinyaa pembeni. Miti kadhaa haikutoa kitu tena.

Mama aliporudi hakupitia nyumbani. Nilimwona amesimama mwanzo wa mstari wa kwanza, mzigo bado uko kichwani, ameshika kile kitambaa chake kwa vidole viwili. Alitembea mistari yote, kwenda na kurudi. Kisha akatua mzigo.

"Nani?"

"Mi, mama. Ilikuwa kwa kilio cha Kasongo. Hakukuwa mboga."

Alifungua mdomo, na ninaapa niliyaona maneno yamepangana mle ndani kama watu wa bombani. Akaufunga. Kwetu, kilichopelekwa kwenye kilio hakisemwi: hakidaiwi, hakilaumiwi, hakiulizwi kilirudi au hakikurudi. Ukikisema, ni kama unamwamsha aliyelala. Mama alikaa chini kwenye udongo, palepale, akaweka mikono juu ya magoti. "Kama ni ya kilio," alisema, "mi siko na neno." Na hakuwa nalo, siku hiyo wala siku nyingine. Ningependa sana angenichapa.

Mvua ilirudi imechelewa, kwa kishindo, kama mgeni anayedhani bado chakula kipo. Shamba likavaa. Ukisimama mbali usingejua kitu. Lilikuwa kijani, majani yamejaa, na mimi nikatembea kifua mbele nikisema moyoni, profesa hakukosea, alichelewa tu. Hata Mama alianza kuimba jikoni. Akafungua vitambaa vyake. Kisha baridi ikafika, tukaenda kuchimba. Mama alishika mti wa kwanza kwa mikono miwili, akautikisa, akavuta, na mti ukatoka kirahisi mno, hata akayumba nyuma. Chini yake zilining'inia kamba. Sina neno lingine: kamba, ndefu, ngumu, nyembamba kama vidole vya mzee, na mzizi mmoja tu wenye unene wa mpini. Mti wa pili, kamba. Tulichimba mistari mitatu. Ile michache iliyokuwa na umbo la muhogo ilipochemshwa iligeuka kama kioo, ikakataa kuiva. Iliyotwangwa ilitoa maji na nyuzi. Mama aliketi kwenye tuta akiwa na jembe mapajani. Nilimwona anatazama majani yale mazuri, mabichi, yanayocheza upepo juu ya mashimo matupu.

Mwaka huo tuliishi kwa makapi ya mahindi na kwa miguu ya Mama. Aliyekuwa ameapa kwamba hataosha mawe ya machimbo maisha yake yote, alikwenda mtoni na wanawake wengine kuosha madini, maji mpaka magotini, kutoka asubuhi hadi jua kuzama. Ngozi ya mikono yake ilipasuka. Jioni aliipaka mafuta ya mawese, na mimi nilishika kibatari nikitazama pembeni.

Mahali pasipo na maelezo, mtu mwenye maelezo hafi njaa. Huyo kwetu alikuwa Tata Mwape, fundi wa baiskeli, ambaye alitengeneza minyororo kwa mikono na habari kwa mdomo. "Bintu ya kilio haisemwake," alianza, akiwa amefunga breki ya mtu, "lakini mi nasema. Nani alishaona muhogo kukuwa na majani mingi juu, na chini iko buse, hakuna kitu? Ile si jua. Jua ingekausha yote. Ile ni mudomo. Majani ilienda na marehemu, ikakuwa tamu, marehemu akarudia mizizi." Watu walicheka, wakatikisa vichwa, wakaenda nyumbani nayo. Ilipofika jioni habari ilikuwa imeota miguu: fulani amesikia kutafuna chini ya ardhi, fulani ameona udongo unapanda na kushuka. Na mimi, ambaye ningeweza kusema nilivua kila ncha kwa mkono wangu, niliipokea habari ile kama mtu aliyepewa blanketi. Ilikuwa na joto. Kama Kasongo alikula, basi si mimi.

Lakini njaa ya maiti ina mama yake. Watu hawakumtukana Mama Kasongo, hapana; walimsalimia kwa jina lake, na jina lake lilikuwa lile lile la anayekula mashamba. Wakaacha kukubali vipando vya mihogo kutoka kwake. Wakaacha kuonja chungu chake. Siku moja alinitumia sahani ya maharage, alijua nyumbani hali ilivyo, na mimi niliichukua kwa mikono miwili, nikasema asante, nikazunguka nyuma ya choo nikaifukia, nikihofia maharage yale yangeanza kunila mimi. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama upande wa pili wa ua. Kabla mvua hazijaanza alihama, akaenda kukaa kwa kaka yake upande wa Kasulo. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akambebea mkeka. Mimi nilijificha.

Miaka imepita. Mteremko wetu sasa ni maegesho ya malori, umesawazishwa hata mimi nikisimama pale siwezi kuonyesha mstari wa kwanza ulikuwa wapi. Kinachopandwa pale ni matairi. Sombe inauzwa imesagwa kwa mashine, imefungwa kwenye mfuko, na watoto wangu hawajui sauti ya vinu vitatu. Mimi mwenyewe nimesoma. Nilisoma shule ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu kwenye dawati la mtoto, na cheti changu nimekitundika kwenye fremu kubwa kuliko dirisha. Nyumba inapata mwanga kutoka kwake. Tulifundishwa mimea. Mwalimu alichora jani ubaoni akasema hili ni jiko la mti, hapa ndipo chakula kinapopikwa, na mimi nikajibu maswali yote, nikapongezwa. Haikunijia hata siku moja kuyapeleka maneno yale mpaka Musonoi. Elimu ya darasani na imani ya utotoni zilikaa kichwani mwangu kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Mama ni mzee sasa, anakaa nami. Nikimgusia habari ya mwaka ule husema tu, "Ya kilio haisemwake," akageukia ukuta.

Mwaka huu mvua imefanya tena ujanja wake. Inafanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko zamani, au labda sasa ndipo ninapohesabu. Sombe imekuwa adimu. Nilikwenda kuitafuta sokoni asubuhi, na kwenye pembe ya wauza mboga nikamkuta mwanamke mzee, mpana bado, ameweka mafungu matatu madogo juu ya gunia. Kicheko nilikitambua kabla ya uso. Na yeye alinitambua kabla sijajitaja, akaniita kwa jina la utotoni, jina ambalo sasa analitumia Mama peke yake. Nilipaswa kumwamkia. Badala yake nilichuchumaa mbele ya gunia lake na yote yakanitoka, sokoni, mtu mwenye cheti: maharage, choo, blanketi la Tata Mwape, kwamba mpaka leo, moyoni, kuna mahali ninapoamini kwamba Kasongo alikula shamba letu, na kwamba ninaona haya kuamini na ninaona haya zaidi kuacha.

Alipanga upya mafungu yake, ingawa yalikuwa yamepangwa.

"Mama Kasongo, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile nilikuuliza ulichuma ngapi."

"Sasa mbona hukusema? Walikusema vibaya miaka yote hiyo."

"Ningesema, bangekusema weye. Ulikuwa mutoto, na ulinilisha." Akachukua fungu moja, akalitikisa vumbi, akaniwekea mkononi. "Kilio ilikuwa yangu, mi naweza kuisema. Sikia. Kasongo hakukulaka kitu. Muti ikiwa na maji, unaitosha majani, inaota ingine, haina neno. Ile mwaka haikukuwa na maji. Uliitosha yote, ikataka kuvaa, ikakosa cha kuvalia, ikakula mihogo yake yenyewe mule chini. Njo ile tu, mwanangu, hakuna ingine. Ni kiu."